Tupime Jua Letu Wenyewe

Mkoa wa Shinyanga haujapata kulalamika kwamba jua halitoshi. Wazee wetu walililaumu kwa kukausha malambo, kwa kuunguza mtama kabla haujatoa masuke, na kwa kuwafukuza wachungaji na ng'ombe wao kwenda mbali kutafuta maji. Leo jua hilo hilo limegeuka kuwa mali. Mwaka 2023 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, lilitia saini mkataba wa kujenga mtambo wa umeme wa jua katika Wilaya ya Kishapu. Awamu ya kwanza ni ya megawati 50, kati ya megawati 150 zilizokusudiwa, na fedha zake ni mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mkopo ni deni. Deni hilo litalipwa na mkulima wa pamba wa Kishapu, na mchimbaji mdogo wa Rwamagasa, na mvuvi wa dagaa wa Ukara, kila mmoja kwa kodi yake.

Kwa sababu hiyo tunayo haki ya kuuliza swali moja, nalo ni hili: paneli zinapokaa chini ya jua letu, katika joto letu na vumbi letu, je, zinatoa umeme ule ambao karatasi za kiwandani zinasema zitatoa? Na zikitoa pungufu, ni nani kati yetu awezaye kusema upungufu huo umetoka wapi?

Swali hili si la Kishapu peke yake. Ndugu zetu wa visiwani wanalijua vyema kuliko watu wa bara. Mwaka 2016 kisiwa cha Ukara kilipata mtambo wake wa jua, wenye betri zake na nyaya zake, na visiwa vingine vya Ziwa vikafuata. Nyumba nyingine zimejinunulia paneli dukani. Wavuvi wengi wameziweka kando karabai zao na sasa huwavuta dagaa kwa taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mahali ambapo nguzo za gridi hazikufika, jua si ziada wala si pambo. Ndilo umeme wenyewe.

Jibu la swali letu limo katika fani moja ambayo kwa kawaida haizungumzwi katika safu hii, yaani fani ya kuichora seli ya jua kwa hesabu. Tunaomba msomaji asiogope neno hesabu. Seli ya jua ni kipande cha silikoni ambacho mwanga ukikipiga hutoa mkondo wa umeme. Wataalam wameona kwamba tabia yake yote yaweza kuelezwa kwa mlinganyo mmoja wenye tarakimu tano zisizojulikana. Ya kwanza ni mkondo unaozaliwa na mwanga. Ya pili ni mkondo mdogo unaorudi nyuma ndani ya seli. Ya tatu ni ukinzani ambao umeme hukutana nao njiani ukitoka. Ya nne ni ukinzani wa pembeni, ambao ukidhoofika umeme huvuja kabla ya kutoka. Ya tano hueleza jinsi seli ilivyo mbali na ukamilifu wa vitabuni.

Anayezijua tarakimu hizi tano anaijua paneli yake kama daktari amjuavyo mgonjwa aliyekwisha mpima. Mkondo wa mwanga ukipungua na mengine yakabaki vile vile, kuna vumbi juu ya kioo, au kioo chenyewe kimefifia. Ukinzani wa njiani ukipanda, kuna kiungo kilicholegea au kilichoshika kutu. Ukinzani wa pembeni ukishuka, seli imepasuka au unyevu umeingia. Maradhi matatu, na dawa tatu zilizo mbali mbali: la kwanza hutibiwa kwa maji na kitambaa, la pili kwa bisibisi na msasa, na la tatu pengine halitibiki ila kwa kubadilisha paneli. Asiyeweza kuyatofautisha atanunua paneli mpya mahali ambapo kitambaa kingetosha.

Tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Miaka michache iliyopita tulifika katika zahanati moja ya kisiwani ambako mkunga alikuwa akizalisha huku amebana tochi kwapani. Fundi alikwisha waambia wanakijiji kwamba paneli zao zimekufa. Wakachanga fedha, wakanunua mbili mpya, na taa zikabaki dhaifu kama zamani. Baadaye kijana mmoja aliyekuwa na mita ya mkononi akagundua kwamba kiungo cha waya chini ya paa kilikuwa kimeliwa na kutu ya unyevunyevu wa Ziwa. Kilikatwa, kikafungwa upya, na taa zikawaka siku ile ile. Hatumlaumu fundi yule, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kupima. Lakini fedha za wanakijiji zilikwisha kwenda.

Sasa tuseme ugumu wa kuzipata tarakimu hizo. Mlinganyo wa seli haufunguki kama hesabu za darasani, kwa kuwa mkondo unaotafutwa umo pande zote mbili, na upande mmoja umefichwa ndani ya kipeo. Haiwezekani kuuhamisha na kukomesha kazi. Inabidi kukisia tarakimu tano, kukokotoa, kulinganisha na vipimo, kuona kosa ni kubwa kiasi gani, kisha kukisia tena. Kazi hiyo hufanywa na kompyuta kwa kufuata mwongozo wa hatua kwa hatua uitwao algoriti. Neno hili limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.

Wataalam walipotafuta njia bora ya kukisia, walikwenda kujifunza kwa viumbe. Sisi tuliokaa kwenye mkeka wa chuo kabla ya kukaa kwenye dawati la shule ya Serikali hatukushangaa kusikia hivyo, maana tulikwisha zoea Kitabu chenye sura iliyopewa jina la nyuki na nyingine iliyopewa jina la wadudu chungu. Mwaka 1975 John Holland wa Marekani alichapisha njia inayoiga urithi wa vizazi, ambamo makisio mazuri huzaa makisio mengine na mabaya hufa. Mwaka 1992 Marco Dorigo wa Italia aliiga sisimizi, ambao huacha harufu njiani hata njia fupi ikapata harufu nyingi na kufuatwa na wote. Mwaka 1995 James Kennedy na Russell Eberhart waliiga makundi ya ndege na samaki, ambamo kila mmoja huangalia alikopata chakula yeye mwenyewe na alikopata mwenziwe aliyefaulu zaidi. Mkulima wa Kishapu aliyeona kwelea kwelea wakigeuka kwa pamoja juu ya shamba la mtama, na mvuvi wa Kome aliyeona kundi la dagaa likielekea kwenye taa, hawahitaji mwalimu wa jambo hilo. Mwaka 2005 Dervis Karaboga wa Uturuki aliiga nyuki. Tangu hapo wameigwa mbwa mwitu, nyangumi, kekeo, popo, na viumbe wengine wengi.

Mtu wa Geita ataelewa upesi zaidi kwa mfano wa kwao. Wachimbaji hutawanyika kwenye kilima, kila kikundi na duara lake. Anayepata punje chache za kwanza hushawishika kubaki pale pale, na huenda mwamba wenye dhahabu nyingi uko hatua chache mbele yake. Kompyuta nayo hupatwa na tamaa hiyo hiyo: hupata jibu lenye kosa dogo kiasi, ikakaa, na jibu bora likabaki upande wa pili. Kwa hiyo kuziboresha njia hizi ni kutafuta uwiano kati ya kutawanya watu kilimani na kuwakusanya mahali palipoonyesha dalili. Hiyo ni kazi ya akili, na inastahili heshima. Ina manufaa ya moja kwa moja pia: mtambo ukifunikwa kwa sehemu na kivuli cha wingu au cha mti, nguvu ya paneli huwa na vilele vingi badala ya kimoja, na kifaa kisichojua kutafuta hung'ang'ania kilele kidogo na kuupoteza umeme uliokwisha patikana.

Baada ya kutoa heshima hiyo, hatuna budi kusema kasoro bila kificho. Mwaka 1986 T. Easwarakhanthan na wenzake walichapisha vipimo vya seli moja ya Kifaransa, yenye kipenyo cha milimita 57, iliyopimwa katika joto la nyuzi 33, kwa nukta 26 za volteji na mkondo. Seli hiyo ni ndogo hata kiganja cha mkono huifunika. Tangu wakati huo vipimo hivyo vimekuwa mzani wa dunia nzima. Makala kwa mamia zimeandikwa, kila moja ikileta mnyama mpya au mchanganyiko mpya wa wanyama wa zamani, na nyingi zimefika kwenye kosa lile lile la takriban 0.00098 ya ampea. Zinapotofautiana hutofautiana katika tarakimu za mbali mno, ambazo mita ya kawaida haiwezi hata kuziona.

Je, huu si uchimbaji wa duara moja na watu elfu, ilhali kilima kizima kimeachwa? Mwaka 1997 David Wolpert na William Macready walithibitisha kwa hesabu kwamba ukichukua matatizo yote kwa jumla, hakuna njia ya kutafuta inayozishinda nyingine. Njia huwa bora kwa tatizo fulani tu. Na mwaka 2015 Kenneth Sörensen aliandika kuwakosoa wenzake kwamba kumpa mnyama jina jipya si kuleta elimu mpya. Wao kwa wao wameonyana. Itakuwa ajabu sisi tulio mbali tukashangilia jina la mnyama na kusahau kuuliza seli iliyopimwa ni ya nani.

Seli yetu sisi haijapimwa vya kutosha. Karatasi ya kiwandani inatuambia nguvu ya paneli kwa mwanga wa wati 1,000 katika kila mita ya mraba, na seli ikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli iliyo juani saa saba mchana haikai katika nyuzi 25. Ikifika nyuzi 60, jambo ambalo si la ajabu, imezidi kwa nyuzi 35. Paneli nyingi za silikoni hupoteza kiasi cha asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi. Thelathini na tano mara 0.4 ni 14. Basi paneli iliyoandikwa wati 100 itatoa 86, kabla hatujataja vumbi la kiangazi la kuanzia Juni hadi Oktoba. Kwa paneli zenye jumla ya megawati 50, hesabu hiyo hiyo inatupa 43.

Hakuna aliyeiba megawati hizo saba. Ni maumbile ya silikoni. Lakini tuchukulie kwa mfano kwamba siku moja mita inasoma 38 badala ya 43. Hizo tano zimekwenda wapi? Mjenzi atasema ni vumbi lenu. Mwenye kiwanda atasema ni joto lenu. Ofisa aliyekabidhiwa mtambo, asipokuwa na tarakimu zake mwenyewe zilizopimwa hapa hapa, atatikisa kichwa na kutia saini. Aliye na tarakimu atasema: joto tumekwisha lihesabu, vumbi tumelipima jana asubuhi, na kilichobaki ni ukinzani wa njiani uliopanda katika safu ya tisa; njooni mtengeneze kwa gharama yenu, kama mkataba unavyotaka. Mnunuzi asiye na mzani hununua kwa mzani wa muuzaji, na wakulima wetu wa pamba walikwisha onja uchungu wa jambo hilo tangu zamani.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya vyuo vikuu na kwamba Shinyanga haiwezi. Tunawajibu kwa historia ya Shinyanga yenyewe. Nchi hii ilifyekwa miti kwa ajili ya kuangamiza ndorobo na kwelea kwelea na kwa kupanua mashamba, mpaka watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986, mwaka ule ule ilipochapishwa seli ya Kifaransa, Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mpango huo ulifaulu zaidi pale ulipowasikiliza Wasukuma wenyewe na kuirudisha ngitili, desturi yao ya kutenga malisho ili yapumzike na kuota tena. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Elimu ya nje ilisaidia, lakini ilisaidia kwa sababu iliinama ikaitazama ardhi iliyokuwa mbele yake. Kwa jua nalo, njia ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa viongozi na wataalam.

Kwanza, mtambo wa Kishapu uwe darasa la Taifa. Mwanga, joto la paneli, vumbi, volteji na mkondo virekodiwe kila siku, na rekodi hizo zitolewe bure kwa vyuo vyetu. Mali iliyojengwa kwa deni la wananchi isifungiwe kabatini pamoja na elimu yake.

Pili, wanachuo wetu wanaoandika tasnifu juu ya algoriti hizi wasiishie kwenye seli ya milimita 57. Wailete njia yao Kishapu mwezi wa Septemba, waipeleke Ukara wakati wa masika, kisha watuambie kwa Kiswahili kinachoeleweka imetupatia nini. Anayeshinda hapo ndiye tutakayemshangilia, hata akiwa ametumia njia kongwe isiyo na jina la mnyama yeyote.

Tatu, Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lizidishe ukaguzi wa paneli madukani, hasa katika minada na magulio ya wilayani na katika bandari ndogo za Ziwa. Huko huuzwa paneli ambazo maandishi yake ni makubwa kuliko umeme wake, na mnunuzi ni yule mnyonge asiye na mahali pa kushtaki.

Nne, vyuo vya ufundi na shule zetu za sekondari zifundishe kupima paneli. Vifaa si vya anasa: mita mbili, ukinzani unaoweza kubadilishwa, kipimajoto na daftari. Kijana akishika volteji na mkondo kwa nukta ishirini, kompyuta moja ya shule yaweza kumalizia kazi ya kutafuta tarakimu tano. Mafundi wa aina hiyo wakiwapo kila tarafa na kila kisiwa, hakuna zahanati itakayochangia paneli isiyohitajika.

Tano, migodi mikubwa ya dhahabu ya Geita na Kahama imefungwa na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na kuukubaliana na halmashauri. Ni kawaida kwa mipango hiyo kuzaa madarasa na zahanati, na ni vizuri. Tunaziomba halmashauri zetu zidai pia vituo vichache vya kupimia jua. Dhahabu ikichimbwa huisha. Wenyeji wa Kahama waliouona mgodi wa Buzwagi ukisimama mwaka 2021 hawahitaji kuhubiriwa. Jua halitaisha, na ujuzi wa kulipima utabaki na watoto wetu hata mashimo yakisha kufukiwa.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno moja zaidi. Msingoje agizo. Kamati ya kila mtambo na ya kila zahanati iweke daftari, na kila Ijumaa saa sita mchana iandike volteji na mkondo, na kama mbingu ilikuwa wazi au ya mawingu. Daftari hilo la shilingi chache litamtia aibu muuzaji mdanganyifu na litamsaidia fundi mwaminifu. Mtaalam atakapokuja na algoriti yake, atakuta mmekwisha fanya nusu ya kazi yake, tena ile nusu ambayo yeye asingeweza kuifanya akiwa mbali.

Tumekwisha kopa fedha, tumenunua paneli, na jua tunalo. Kilichobaki ni kuzijua tarakimu zetu wenyewe. Daktari hamtibu mgonjwa wa Shinyanga kwa joto la mwili alilolipima kwa mtu mwingine Ufaransa, na sisi tusikubali mitambo yetu itibiwe hivyo.